Kiti Kisicho na Basari: Useneta wa Kericho na Sheria ya Majani Chai

Mbunge wa Belgut, eneo bunge la kaunti ya Kericho, hupimwa kwa kinachoonekana: darasa lililoezekwa, barabara iliyomwagwa murramu, orodha ya wanafunzi waliopata basari. Kipimo hicho kiliota mizizi mwaka 2003, Bunge lilipopitisha mswada wa Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou, uliounda hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. Mtunga sheria akawa mgawaji wa fedha, na wananchi hawana kosa wakimdai kilichomo mkononi mwake. Hasara ni kwamba sheria yenyewe imekosa wa kuidai.

Mtazame Charles Keter. Aliingia Bungeni kuiwakilisha Belgut katika uchaguzi wa Desemba 2002, akarudishwa 2007, na mwaka 2013 akawa seneta wa kwanza wa Kericho chini ya Katiba ya 2010. Hata miaka mitatu haikutimia, akateuliwa Waziri wa Nishati. Na kwa kuwa Katiba haimruhusu waziri kuwa mbunge wala seneta, kiti kikabaki wazi. Februari 2022 aliacha uwaziri ili atafute ugavana, akashindwa na Erick Mutai katika mchujo wa UDA. Simlaumu kwa kutaka makuu. Ninachokitilia shaka ni furaha yetu wapiga kura: mwakilishi akitoka bungeni kwenda wizarani tunasema amepanda cheo, kana kwamba kutunga sheria ni uanagenzi wa kazi nyingine iliyo bora.

Waliopigania baraza la pili la Bunge, yaani Seneti, hawakuliona hivyo. Taita arap Towett, Mkipsigis aliyechaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, alikwenda kwenye mazungumzo ya katiba ya Lancaster House upande wa KADU, chama kilichodai majimbo na Seneti ili jamii ndogo zisimezwe. Seneti ile ya 1963 haikutimiza miaka minne kabla ya kuunganishwa na bunge la chini.

Pengo la Keter lilijazwa na Aaron Cheruiyot, kijana wa takriban miaka thelathini, katika uchaguzi mdogo wa Machi 7, 2016. Kampeni zilikuwa kali, kwa kuwa KANU, iliyomsimamisha Paul Sang, ilikuwa ikipima nguvu za William Ruto nyumbani kwake kisiasa. Lakini lililo muhimu kwa hoja yangu lilikuja baadaye. Seneta hana hazina ya kugawa. Akitaka kuacha alama, hana budi kuandika sheria au kuisimamia serikali ya kaunti. Mwaka 2018 Cheruiyot alipeleka Seneti mswada wa majani chai. Sheria za 2013 zilikuwa zimeivunja Bodi ya Chai na kuifanya idara ndani ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula, hivyo zao linalolisha Kericho na Bomet likakosa chombo chake lenyewe. Mswada ulizunguka mabaraza yote mawili kwa zaidi ya miaka miwili, ukatiwa saini Desemba 23, 2020. Bodi ikarudi, utafiti wa chai ukapewa tena taasisi yake, na masharti ya kumlipa mkulima yakaandikwa katika sheria badala ya kuachiwa hiari ya mameneja.

Upo upinzani wa haki: baadhi ya vifungu vilisimamishwa na mahakama mara tu baada ya sheria kuanza kutumika, na mchumaji anayebeba kikapu hadi kituo cha kupimia huenda asione tofauti yoyote. Nakubali. Ila hilo lathibitisha kwamba sheria hudai mtu wa kukaa nayo: kuitetea, kuirekebisha, kuwahoji wanaoitekeleza. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyekwisha kuhama. Cheruiyot alichaguliwa tena 2017 na 2022, na tangu 2022 ni kiongozi wa wengi katika Seneti. Cheo hicho kinampa uwezo mkubwa juu ya ratiba ya miswada, na papo hapo kinamfunga kuisemea serikali ambayo ndiyo inayopaswa kuitekeleza sheria yake. Wakulima wa Belgut wana haki ya kumuuliza, kifungu kwa kifungu, ni kipi kinachofanya kazi na kipi kimelala.