Sungura wako anang'oa manyoya? Hesabu siku kabla hujasafisha banda

Unafungua banda asubuhi, unamkuta sungura wako amebeba nyasi kavu mdomoni, zimetokeza huku na huku kama masharubu. Kifuani amebaki na viraka. Manyoya ameyang'oa mwenyewe na kuyarundika kwenye kona. Ukitaka kumshika ananguruma na kukurukia. Na jana tu alikuwa anakula mchicha mkononi mwako.

Hapo kuna mawili. Ama ana mimba na anakaribia kuzaa, ama mwili wake umemdanganya: ni mimba ya uongo, na hakuna mtoto hata mmoja anayekuja.

Kwa macho tu, hali hizi mbili zinafanana mno, na hata wafugaji wazoefu hukosea. Kosa lenyewe si dogo. Watoto wa sungura huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba, kimya kabisa, na mama huwafunika ndani ya lile rundo. Ukijisemea "ah, ni uongo tu" ukafagia kona yote, unaweza ukawa umetupa jalalani watoto sita walio hai.

Kwa hiyo kabla ya kushika fagio, ingiza mkono taratibu ndani ya manyoya. Kama kuna kitu chenye joto kinachochezacheza, funika tena na usogee pembeni. Kama hakuna kitu, fungua kalenda ya simu yako.

Kwa nini anadanganyika?

Sungura jike hana mzunguko wa mwezi, wala hapandi joto kwa kufuata siku kama ng'ombe. Mayai yake hayashuki mpaka mwili upate kichocheo, na kwa kawaida kichocheo hicho ni kupandwa na dume. Baada ya hapo hupita kama saa 10 hadi 12, ndipo mayai yanashuka.

Sasa shida ni kwamba mwili hauulizi nani kapanda. Dume tasa anaweza kushusha mayai. Jike mwenzake pia anaweza, na ndiyo, majike hupandana sana, hasa wanapogombania ukubwa bandani. Wapo wanaoshtuliwa hata na mkono wa binadamu, yaani kupapaswa mara kwa mara mgongoni kuelekea mkiani. Kwa hiyo mtu akikuambia sungura wake yuko peke yake na bado anajenga kiota, usimcheke.

Mayai yakishuka bila kukutana na mbegu, pale yalipotoka kwenye ovari hubaki vijitezi vinavyotoa projesteroni, homoni ile ile inayotunza mimba ya kweli. Kwa siku 16 hadi 18 hivi mwili unaamini una watoto. Kisha homoni inashuka ghafla, na kushuka huko ndiko kunakomwambia jike: ng'oa manyoya, jenga kiota, linda eneo lako. Wengine hata maziwa hutoka.

Tabia hii ya mayai kusubiri kichocheo iliwahi kuwafaa binadamu. Mwaka 1931, Maurice Friedman na Maxwell Lapham wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza kipimo cha mimba cha kumchoma sungura jike sindano yenye mkojo wa mwanamke, kisha kukagua ovari za sungura huyo. Kama mwanamke ana mimba, homoni iliyomo kwenye mkojo inakuwa imeshashusha mayai. Watu wakazusha kwamba sungura akifa, basi mama ana mimba. Kumbe sungura alikufa vyovyote vile, maana ilibidi apasuliwe ndipo ovari zionekane.

Siku ya 17 na siku ya 31

Hapa ndipo siri yote ilipo. Mimba ya kweli ya sungura huchukua siku 30 hadi 32, wengi huzaa siku ya 31. Kiota cha kweli hujengwa mwishoni kabisa, siku moja au mbili kabla ya kuzaa, na manyoya mara nyingi hung'olewa saa chache tu kabla. Kiota cha uongo huja mapema, katikati ya safari, karibu siku ya 16 hadi 18.

Tuseme alipandwa tarehe 3 Machi. Ukimkuta anang'oa manyoya tarehe 20 Machi, hiyo ni siku ya 17, na karibu hakika ni mimba ya uongo. Akifanya hivyo tarehe 2 Aprili, hiyo ni siku ya 30. Muwekee sanduku leo hii.

Lakini tarehe unaijua? Kupandana kwa sungura ni suala la sekunde chache. Dume hupanda, hutetemeka, halafu huanguka kando kama aliyezimia. Ukiwa umeenda kuchota maji umeshakosa tukio zima. Ndiyo maana anayefuga dume na jike ni bora awatenge mabanda, kisha siku ya kupandisha ampeleke jike kwa dume mbele ya macho yake, aandike tarehe kwenye simu, na kuweka ukumbusho wa siku ya 28.

Kesi ngumu ni ya sungura aliyenunuliwa sokoni au kwa mtu barabarani. Historia hujui. Kama alikaa na dume hata nusu saa kabla ya kufika kwako, mchukulie ana mimba mpaka siku 35 ziishe tangu umchukue. Zikipita bila mtoto, tulia.

Na usiamini haraka neno "wote ni majike". Sungura wadogo ni wagumu kutofautisha jinsia, kwani korodani za dume huanza kushuka akiwa na wiki 10 hadi 12. Wanaume wengi wana uwezo wa kuzalisha wakifika miezi minne, na majike wa aina ndogo wanaweza kushika mimba wakiwa na umri huo huo. Wale "dada wawili" uliowanunua Januari wanaweza kukushangaza Mei. Dume aliyehasiwa naye si salama siku hiyo hiyo. Mpe wiki 4 hadi 6 kabla ya kumrudisha kwa jike, kwa sababu mbegu zilizobaki njiani bado zinafanya kazi.

Vipimo vya kujidanganya

Tumbo kubwa si ushahidi. Sungura aliyeshiba majani ya viazi vitamu ana tumbo kubwa. Maziwa si ushahidi pia, wala ukali.

Kupapasa tumbo ni njia nzuri, ila kwa mwenye mikono inayojua. Kati ya siku ya 10 na ya 14, mtaalamu wa mifugo huweza kuhisi vinundu laini kama zabibu vimejipanga sehemu ya chini ya tumbo. Asiyejua huhisi vinyesi kwenye utumbo na kutangaza mimba, au hubonyeza kwa nguvu na kuwaumiza watoto waliomo. Kliniki yenye mashine ya utrasaundi itakupa jibu la uhakika zaidi, ukiipata yenye daktari anayeshika sungura mara kwa mara.

Kuna wanaomrudisha jike kwa dume ili "kumjaribu", eti akikataa ana mimba. Achana nayo. Jike asiye na mimba anaweza kukataa, mwenye mimba anaweza kukubali, na katikati ya majaribio hayo dume anaweza kung'atwa vibaya sana.

Ikiwa ni ya uongo

Dawa kubwa ni kumwacha. Kiota usikivunje mara moja, maana akikiona kimepotea ataanza kingine na atang'oa manyoya zaidi. Mwongezee nyasi kavu atumie hizo kujengea. Punguza kumbeba na kumpapasa mgongoni, waambie watoto nyumbani wampe nafasi. Ndani ya siku chache atapoteza hamu, na hapo ndipo unasafisha.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni kula. Sungura anayelamba na kumeza manyoya mengi huku nyasi hali yuko kwenye hatari, kwani utumbo wake haupaswi kusimama. Akipitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, usisubiri kesho kutwa. La pili ni chuchu. Zikivimba, zikiwa ngumu, za moto, nyekundu au zikielekea rangi ya bluu, ni uvimbe wa matiti na anahitaji daktari.

Hapa nisisitize: usimpe amoksilini iliyobaki kabatini. Amoksilini na jamii ya penisilini zikipita mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, na sungura mwenyewe anaweza kufa kwa kuharisha. Dawa salama zipo, lakini daktari ndiye anayezichagua.

Kama mimba za uongo zinajirudia, tafuta chanzo. Mara nyingi ni jike mwenzake anayempanda, au dume aliye jirani nyuma ya wavu. Watenganishe. Kwa sungura wa kufuga tu ndani, ambaye huna mpango azae, kumfunga kizazi kwa upasuaji hukata tatizo lenyewe, na faida kubwa zaidi ni kumkinga na saratani ya mji wa mimba, ambayo huwapata sana majike wenye umri mkubwa wasiofanyiwa upasuaji huo. Upasuaji usifanyike akiwa katikati ya mimba ya uongo. Subiri maziwa yakauke.

Ikiwa ni ya kweli

Sanduku la kuzalia liingie siku ya 28. Ukiliweka mapema zaidi atalifanya choo. Mbao au boksi gumu linafaa, lenye nafasi ya yeye kugeuka, na ukingo wa mbele ulioinuka kidogo ili watoto wasitoke wakiwa wamening'inia kwenye chuchu. Jaza nyasi kavu. Manyoya ataongeza mwenyewe.

Maji yawepo muda wote. Jike anayekaribia kuzaa au anayenyonyesha hunywa kuliko unavyofikiria, na kiu ni mojawapo ya sababu za mama kula watoto wake, pamoja na kelele, mbwa anayezunguka banda, na ugeni wa uzazi wa kwanza. Kama banda liko chini ya bati na unaishi Dar au Mombasa, tafuta kivuli. Joto likizidi nyuzi 30 sungura anaanza kuteseka, mwenye mimba ndiyo zaidi.

Chakula kiongezwe polepole, na asinenepeshwe. Jike mnene anayeacha kula siku za mwisho za mimba anaweza kupata sumu ya mimba, mwili ukianza kuunguza mafuta yake mwenyewe mpaka ini linashindwa. Akizubaa na kugoma chakula wiki ya mwisho, mpeleke siku hiyo hiyo.

Wengi huzaa usiku au alfajiri, na kazi yote huisha ndani ya nusu saa. Akisukuma muda mrefu zaidi ya hapo bila kitu kutoka, au siku ya 33 ikifika kimya na tarehe unaijua vizuri, piga simu kwa daktari. Ukizidi kusubiri, watoto hufia tumboni.

Wakishazaliwa, osha mikono, iguse nyasi ya mama, kisha hesabu watoto na utoe waliokufa. Ile imani kwamba ukiwagusa mama atawakataa haina msingi. Aliyetoka nje ya kiota akapoa mpashe joto kwanza mkononi au kifuani kwako, ndipo umrudishe.

Halafu kuna hofu inayowapata karibu wote: "mbona hanyonyeshi?" Mama sungura huingia kwenye kiota mara moja au mbili tu kwa siku, dakika tatu hadi tano, kisha anaondoka. Porini kukaa karibu kungewaonyesha maadui kiota kilipo. Kwa hiyo usikimbilie maziwa ya ng'ombe na bomba la sindano. Angalia matumbo ya watoto asubuhi. Yakiwa ya duara na yamejaa, wamenyonya. Yakiwa yamekunjamana na ngozi imelegea siku ya pili mfululizo, hapo sasa kuna tatizo.

Macho yatafunguka kati ya siku ya 10 na ya 12.

Na dume? Aondoke kabla ya siku ya 31, si baada ya kuona watoto. Jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa, huku ananyonyesha hawa wa kwanza. Kama dume alilala humo usiku ule, andika tarehe ya leo kwenye simu na uanze kuhesabu upya.