Tununue diski mpya? Tuulize historia kwanza

Ndugu na dada wa shirika letu, kamati imeniomba mawazo: tununue diski mpya ya kuchomeka kwenye ordinateri, ao tubaki na ile ya zamani? Mwenye duka alituonyesha moja ya tera 4, akasema kama tukiinunua hatutakuwa tena na wasiwasi miaka yote. Mimi nilisoma historia, si informatiki, njo maana hilo neno "miaka yote" lilinigonga masikio.

Mwaka wa 1956 IBM walitoa RAMAC, mashine ya kwanza ya diski ngumu: sahani 50 zenye upana wa sentimita 61, uzito karibu tani moja, na yote hiyo ilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza. Mwaka wa 1962 IBM hao hao walileta 1311, na hapo diski ikaanza kutoka ndani ya mashine: furushi la sahani 6, kilo 4 na nusu hivi, herufi milioni 2. Unachomoa hili, unaweka lingine. Mwaka wa 1971 ikaja disketi ya inchi 8, ikaendelea kupungua mpaka ile ya inchi 3 na nusu ambayo wengi wetu tulibebea TFC kwenye mfuko wa shati. Mega 1.44! Kazi ikiwa na picha, ulitembea na disketi tano na maombi.

Mwaka wa 1994 Iomega wakatoa Zip, mega 100, tukaona shida zimeisha. Mwaka wa 1998 Apple wakauza iMac isiyo na nafasi ya disketi, watu wakacheka. Mwaka wa 2000 flashi za kwanza zikaingia sokoni, mega 8, na kicheko kikaisha. Mwaka wa 2011 Sony waliacha kuuza disketi.

Angalieni vizuri ni kitu gani kilikufa hapo. Disketi nyingi ziko nzima mpaka leo. Kilichokufa ni mashine ya kuzisomea.

Waingereza walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka wa 1986 BBC waliadhimisha miaka 900 ya Domesday, kile kitabu cha hesabu ya mashamba na mali cha mwaka wa 1086. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, walichangia habari za maeneo yao, zikawekwa kwenye diski kubwa za leza. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu, ikabidi wataalamu wahangaike kuziokoa. Kile kitabu cha ngozi bado kinasomwa.

Nasi tuko na Domesday yetu. Ndani ya sanduku la shirika kuko disketi 31 na Zip moja. Ile Zip imebeba mazungumzo ambayo mwenzetu marehemu alifanya na wazee wa migodi kwa ajili ya memwari yake. Karatasi zake zililoa mvua. Wale wazee, hakuna hata mmoja aliye hai. Hapo tera 4 hazitusaidii kitu.

Kwa hiyo nasema tununue, lakini si ile kubwa. Feza ile tuigawe kwa diski mbili ndogo za watengenezaji tofauti. Moja ikae Lubumbashi, nyingine Likasi, juu moto na mwizi havipigi hodi. Flashi peke yake hapana: habari zake zinashikiliwa na chaji ya umeme, na chaji huvuja polepole ikikaa miaka bila kuchomekwa. Diski ya sumaku nayo inaogopa kuanguka. (Kile kipako chake cha sumaku kiko na kobalti ndani, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu. Tunairudisha nyumbani kwa dola.) Halafu kila miaka mitano hivi, mtu ahamishe vyote kwenye diski mpya wakati ile ya zamani bado inafunguka.

Lakini mbele ya kwenda dukani, tutafute mashine ya kusomea Zip. Ulizeni kwenye ofisi za zamani, na kwa wale wajomba waliotengeneza ordinateri tangu miaka ya 90. Mwenye nayo, hata kama waya wake umekatika, aniambie wiki hii.