Kamera Kando ya Reli: Injini za Dizeli za Kiingereza na Picha Zisizopigwa

Kufuatilia treni ni uraibu ulioota mizizi Uingereza katikati ya karne ya 20, ambapo mtu huenda stesheni au husimama kwenye kilima kilicho kando ya reli, huandika daftarini namba ya kila injini inayopita, na wengi, tangu kamera ziliposhuka bei, huipiga picha ili namba hiyo iendelee kusomeka hata baada ya injini yenyewe kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kwa msomaji wa Kabuku, mji ulioko kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera, jambo hilo laweza kuonekana la mbali, maana Kabuku haina stesheni, na mwenye kutaka kuona treni hulazimika kwenda Korogwe au Mnyusi. Hata hivyo historia ya uraibu huo inaigusa Afrika Mashariki mahali pengi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa viwanda vilivyounda injini zilizowavutia Waingereza ndivyo vilivyounda pia injini za reli za huku, na kwa kuwa sehemu kubwa ya picha za reli hizo zilizohifadhiwa vizuri ilitokana na wageni waliokuja na uraibu huo moyoni.

Uraibu wenyewe ulipata umbo lake mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kazi ya kijana mmoja wa miaka 20 aitwaye Ian Allan, karani wa kampuni ya reli ya kusini mwa Uingereza, ambaye kila siku alipokea barua za watu waliotaka kujua majina, namba na vipimo vya injini. Badala ya kuzijibu moja moja, alitunga kijitabu chenye orodha ya injini zote za kampuni hiyo, kikauzwa shilingi moja na kuisha upesi, na vijitabu vya kampuni nyingine vikafuata. Tangu hapo mpenzi wa treni alikuwa na orodha mkononi ya kupigia mstari kila namba aliyoiona, na hapo ndipo namba ilipopata uzito ambao asiyejua uraibu huu hushindwa kuuelewa, kwani kwa mpenzi wa treni namba ile hutambulisha injini moja tu, yenye mwaka wake wa kuzaliwa, karakana yake na hatimaye siku yake ya kuondolewa kazini.

Mwaka 1955 Shirika la Reli la Uingereza lilitangaza mpango wa kuachana na mvuke, na katika miaka iliyofuata injini za dizeli ziliingia kwa mamia. Ifahamike kwamba katika injini kubwa za aina hiyo mtambo wa dizeli hauzungushi magurudumu moja kwa moja: huzungusha jenereta, nayo huzalisha umeme unaopelekwa kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu ya pande mbili. Injini ya kwanza ya kundi lililokuja kuitwa daraja la 40, yenye namba D200, ilivuta treni ya abiria kutoka London hadi Norwich mwezi Aprili 1958, na hadi mwaka 1962 zilikuwa zimeundwa 200, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 2,000 na uzito wa tani zipatazo 133. Nyingi zilitoka katika kiwanda cha Vulcan Foundry, mjini Newton-le-Willows, kilichokuwa mali ya kampuni ya English Electric. Jina la kiwanda hicho litarejea hapa chini.

Wapiga picha wa wakati ule hawakuzipokea vizuri. Walikuwa wamezoea injini ya mvuke, ambayo humsaidia mpiga picha kwa kila hali: moshi wake hupaa, mvuke wake hujitanda kwenye baridi ya asubuhi, mikono yake ya chuma huonekana ikifanya kazi, na hata picha iliyopigwa ovyo huwa na uhai ndani yake. Injini ya dizeli ni sanduku la chuma, na mtambo wake wote umefichwa. Mvuke ulipokoma katika reli za taifa za Uingereza mwezi Agosti 1968, wengi waliweka kamera zao kabatini wakiamini kwamba hapakuwa tena na cha kupiga. Walikosea, na kosa lao ndilo kiini cha makala hii, kwa sababu limerudiwa Afrika Mashariki kwa hasara kubwa zaidi.

Kizazi kilichozaliwa katika miaka ya 1950 na 1960 kilikua kikizisikia dizeli, kikazipenda kwa sauti zake. Daraja la 40 lilijulikana kwa mluzi mwembamba wa chombo kinachosukuma hewa ndani ya mtambo, nazo injini 22 zilizoitwa Deltic, zenye nguvu za farasi 3,300, zilijulikana kwa mngurumo uliosikika kutoka mbali kabla treni haijaonekana. Vijana hao walijiwekea kanuni za upigaji: jua liwe nyuma ya mpigaji, injini ionekane uso na ubavu kwa pamoja, magurudumu yasizame kivulini, na namba isomeke. Bidii yao iliokoa hata injini zenyewe, kwani D200, ambayo wakati huo ilikuwa imepewa namba mpya 40122 kutokana na mfumo wa kompyuta, ilitengenezwa upya miaka ya 1980 kwa ajili ya mapenzi ya watu, ikavuta treni za wapenzi wake, na sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Reli yaliyoko York.

Kiwanda kile kile cha Newton-le-Willows kilikuwa kikiifanyia kazi pia Afrika Mashariki. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, liliagiza huko injini za mvuke za daraja la 31, zipatazo 46, zilizowasili katikati ya miaka ya 1950 na kufanya kazi Tanzania kwa muda mrefu, zikiwa zimepakwa rangi ya damu ya mzee na kubeba majina ya makabila. Kisha, mwaka 1960, kiwanda hicho kilianza kuleta injini za dizeli za daraja la 90, zenye nguvu za farasi 1,840, ambazo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilifika 44, na kazi yao kubwa ilikuwa katika reli ya Kenya na Uganda.

Mtu akiweka picha ya injini ya daraja la 90 kando ya picha ya daraja la 40 la Uingereza, ataona undugu wao katika magurudumu. Kila moja ina ekseli nane: sita zinasukumwa na mota, na mbili, moja kila mwisho, hazisukumwi bali hubeba uzito na kuiongoza injini kwenye kona. Sababu ya mpangilio huo ni uzito. Njia ya Afrika Mashariki ina upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma, na sehemu zake nyingi zilitandikwa vyuma vyepesi, hivyo mzigo wa injini ulipaswa kugawanywa kwenye magurudumu mengi ili njia isipinde na mataruma yasivunjike. Picha nzuri ya ubavuni humfunulia mhandisi jambo hilo mara moja, bila maelezo ya kurasa nyingi. Vilevile namba ya injini husaidia kukadiria tarehe ya picha, kwa kuwa daraja la 90 lilipewa baadaye namba za 87, na kwa hiyo picha inayoonyesha namba ya zamani haiwezi kuwa imepigwa baada ya badiliko hilo.

Katika Reli ya Tanga, iliyo jirani ya Kabuku, kamera ilifika mapema. Ujenzi wa reli hiyo ulianza Tanga mwaka 1893 chini ya Wajerumani, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin aliacha mkusanyiko mkubwa wa picha za koloni hilo, reli zikiwemo, ambao sasa umo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru wa Tanganyika, ilikamilika njia ya takriban kilomita 188 kutoka Ruvu hadi karibu na Mnyusi, iliyoiunganisha Reli ya Tanga na Reli ya Kati na kuiwezesha injini moja kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe bila mzigo kushushwa. Kwa wakazi wa nchi ya Wazigua, njia hiyo ndiyo tukio kubwa la reli baada ya Korogwe kufikiwa.

Wafuatiliaji wa treni kutoka Ulaya walianza kumiminika Afrika Mashariki baada ya 1968, nao walikuja kutafuta kile kilichokwisha kwao, yaani mvuke. Walizifuata hasa injini za daraja la 59, mitambo mikubwa ya tani 252 iliyoundwa Manchester na kupewa majina ya milima, na filamu zao ziliishia hapo. Kevin Patience alichapisha mwaka 1976 kitabu cha picha cha historia ya mvuke katika Afrika Mashariki, na Roel Ramaer alikiita kitabu chake kikubwa kwa Kiswahili, Gari la Moshi, heshima ambayo wasomaji wa lugha hii hawana budi kuithamini. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi injini ya daraja la 59 iitwayo Mount Gelai na ile yenye namba 3020 iitwayo Nyaturu. Kazi hizo ni za thamani isiyopingika. Lakini dizeli, ambayo ndiyo iliyovuta treni za Afrika Mashariki huru na kuendeshwa na madereva wazalendo, ilipita mbele ya wageni hao kama kitu cha kawaida kisichostahili filamu.

Wenyeji nao walikuwa na vizuizi vyao. Kununua filamu na kuisafisha kuligharimu fedha, unyevu wa pwani uliotesha ukungu kwenye lenzi, na kwa miaka mingi stesheni, madaraja na bandari vilihesabiwa kuwa maeneo ya usalama ambayo mwenye kamera alipaswa kuwa na kibali kabla ya kuyaelekezea lenzi. Picha zilizopigwa na familia zilikuwa za kuagana: mtu amesimama jukwaani na sanduku lake, amevaa nguo za safari, na nyuma yake imejitokeza pembe ya injini, pengine na tarakimu mbili za namba. Kwa mwanahistoria wa reli, tarakimu hizo mbili ni mali.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda shirika lake la reli, na nguvu ya dizeli nchini ikatoka zaidi Canada, kwa injini za daraja la 88 zilizoundwa Montreal, na India, kwa injini za daraja la 73 zilizoundwa Varanasi. Enzi ya Mwingereza ilikuwa inafifia, kwani Vulcan Foundry ilikwisha kuacha kuunda injini za treni mwaka 1970. Abiria wa Reli ya Tanga nao walihamia kwenye mabasi, yale yanayopita Kabuku usiku na mchana, na treni ya abiria ikakoma hadi iliporejea Moshi mwezi Desemba 2019 na Arusha mwezi Oktoba 2020.

Mwenye nia ya kupiga picha katika reli hiyo ana mandhari ambayo Newton-le-Willows haikuwahi kuwa nayo. Kati ya Korogwe na Mombo njia hufuata miguu ya milima ya Usambara, nayo milima iko upande wa mashariki wa reli. Kwa hiyo asubuhi jua huwa nyuma ya milima, uso wa injini hubaki gizani, na anga huungua kwenye picha. Saa sita jua liko utosini, na magurudumu huzama katika kivuli cheusi. Ni kuanzia saa tisa alasiri ndipo mwanga unapotoka magharibi, ukalipiga behewa ubavuni na kuifanya milima iwe ya buluu nyuma yake, na mpiga picha aliyesimama upande wa Mto Pangani hupata vyote viwili katika fremu moja. Jambo lingine la kutazamwa, kabla halijaisha kabisa, ni mabaki ya reli nyembamba za mashamba ya mkonge, ambazo toroli zake zilibeba matita ya majani kutoka shambani hadi kwenye korona, mashine inayosaga majani na kutenga singa.

Tangu Juni 2024 treni za umeme zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na dizeli ya njia ya mita moja sasa imesimama mahali pale ambapo mvuke ulisimama mwaka 1968. Mstaafu wa reli wa Korogwe, Mnyusi au Kabuku mwenye picha ya zamani yenye injini ndani yake anaombwa aigeuze leo na kuandika nyuma yake, kwa penseli, namba inayosomeka, jina la stesheni na mwaka.