Shangingi na Nyumba ya Mawe

Biashara ilipofunguliwa Zanzibar katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyokwisha tumika yakaanza kuletwa kutoka Dubai na Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wao ulitufaa vilevile ulivyo. Land Cruiser kubwa ya dizeli, chombo cha wakubwa, watu wakaipa jina la shangingi.

Nami nilipostaafu nikalitamani. Kiinua mgongo nilichokusudia kutengenezea paa la nyumba ya marehemu baba, Mji Mkongwe, nikanunulia shangingi kuukuu. Halikufika mlangoni hata siku moja, kwani vichochoro vyetu vilijengwa kwa kipimo cha watu na punda. Likilala Darajani, nami nikilala na wasiwasi.

Mwaka wa pili fundi aliingia chini yake, akaniita: "Maalim, njoo utazame." Chesisi ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi ya bahari.

Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020, nilikwenda kuzitazama boriti za nyumba yetu. Zilikuwa zimelowa. Sikuwa na gari wala fedha.