Mawaziri kivuli na somo la Matombo

Julai 1955, huko Matombo, mashariki mwa Milima ya Uluguru, polisi wa serikali ya kikoloni walifyatua risasi kwenye umati wa wakulima na mtu mmoja akafa. Waluguru walikuwa wamechoshwa na matuta ya ngazi. Serikali ilitaka kuzuia mmomonyoko, ikalazimisha watu kuchimba. Wakulima waliijua ardhi yao: kwenye miteremko ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na ukichimba ngazi unaufukia, unabaki kupanda mahindi kwenye udongo mfu. Wa kumlalamikia hawakuwa naye, kwani hata watawala wao wa jadi walitumwa kusimamia amri ileile.

Dar es Salaam kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka huo wajumbe wake 30 wasio wa serikali walikuwa wateule wa Gavana: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kusimama na kuuliza mradi ule ulijaribiwa wapi na mavuno yake yalikuwa kiasi gani. Ukaachwa baada ya damu kumwagika.

Kuuliza maswali kama hayo ndiyo kazi ya waziri kivuli, yaani mbunge wa upinzani anayefuatilia wizara fulani. Uingereza iliithamini kiasi kwamba mwaka 1937 sheria ilimpa Kiongozi wa Upinzani mshahara wa serikali. Sisi tulirithi Bunge la mtindo huo bila upande wa pili: katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria. Vyama vingi vilirudi 1992, wabunge wa upinzani wakaingia baada ya uchaguzi wa 1995. Kambi yao imewahi kuongozwa na Fatma Maghimbi, Wilfred Lwakatare na Hamad Rashid Mohamed, wote wa CUF, kisha Freeman Mbowe wa CHADEMA kuanzia 2010 hadi 2020.

Wengi hukumbuka kelele na kutoka nje ya ukumbi. Mimi naithamini zaidi kazi ya makaratasi. Wakati wa bajeti, waziri akishasoma hotuba yake na kamati ikatoa maoni, msemaji wa upinzani wa wizara hiyo alikuwa akisimama na kulinganisha fedha zilizoidhinishwa mwaka uliopita na zilizotolewa kweli. Hotuba yake iliingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, na mwananchi anaweza kuisoma miaka mingi baadaye.

Mwaka 2015 upinzani ulishinda majimbo matatu kati ya 11 ya Mkoa wa Morogoro: Mikumi, Kilombero na Mlimba. Majimbo ya Uluguru yalibaki CCM. Hata hivyo, Mbowe alipotangaza baraza lake la mawaziri kivuli mwaka 2016, mbunge wa Kilombero, Peter Lijualikali, aliwekwa naibu waziri kivuli wa maji, chini ya Hamidu Bobali wa Mchinga. Kwa Uluguru nafasi hiyo si ndogo. Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, huanzia milimani humo, na mji wa Morogoro hutegemea Bwawa la Mindu linalojaa tope la miteremko. Ni udongo uleule uliogombaniwa mwaka 1955.

Bahati mbaya, Januari 2016 ndipo matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalipositishwa kwenye televisheni ya taifa, na mkulima wa Kinole au Mgeta, huko Uluguru, akakosa kuwasikia wasemaji hao. Kisha ukaja uchaguzi wa 2020. CCM ilichukua viti 256 kati ya 264 vya majimbo, na kwa kuwa Kanuni za Bunge zilidai upinzani uwe na asilimia 12.5 ya wabunge wote ili kuunda Kambi Rasmi, Kambi hiyo ikatoweka, na mawaziri kivuli pamoja nayo.

Kanuni huandikwa na wabunge wenyewe, na wanaweza kuzibadili. Washushe kiwango hicho, ili hata wapinzani wachache wapewe wizara za kuzifuatilia. Wakianza na maji, ardhi na kilimo, watu wa Uluguru watakuwa wa kwanza kunufaika.