Kasongo na Alama za Mwilini

Sisi wakunga wa upande wa Lusangi tulifundishwa kumsoma mama kabla hajashikwa na uchungu. Unamsimamisha ukutani bila viatu, visigino vikigusa, unalaza kibao utosini, unachora kwa chaki, unapima kwa utepe. Halafu maswali: mimba ya ngapi hii? Watoto wangapi wako hai? Kuna aliyefia tumboni, au aliyetolewa kwa kupasuliwa? Aliye mfupi sana, au aliyewahi kukwama wakati wa kujifungua, anaandikiwa kwenye kadi akajifungulie hospitali ya Kasongo. Wanawake wengi nimewaandikia hivyo, nikijua njia iliyo mbele yao.

Kadi ile ilipimwa hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ilianza Mradi wa Kasongo pamoja na wauguzi na madaktari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo: vituo vya afya vijijini, na hospitali moja nyuma yavyo. Mwaka 1981 timu hiyo ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti wake wa chanjo ya surua. Haikuridhika kuhesabu sindano. Ilifuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35 ione nani amebaki hai.

Kwa wajawazito ilifanya vivyo hivyo. Ilichukua kumbukumbu za akina mama 3,614, ikalinganisha yaliyoandikwa kwenye kadi na yaliyotokea siku ya kujifungua. Matokeo yalitoka mwaka 1984. Ni kweli mwenye historia mbaya ya uzazi alikuwa hatarini kuliko wenzake. Lakini kati ya kila 10 walioonywa, 9 walijifungua bila kukwama. Na katika wale waliokwama kweli, 71 kwa mia historia yao haikuwa imetoa onyo lolote. Nawaheshimu sana watu wale kwa kuchapisha hesabu hiyo. Maana yake ni nzito: mama asiye na alama yoyote anaweza kukwama usiku wa manane, kwa hiyo njia ya kwenda kupasuliwa lazima iwe wazi kwa wote.

Swali hilo hilo, kama alama inasema kweli, ndilo linaloongoza majaribio ya dawa za saratani siku hizi. Katika jaribio la I-SPY 2, lililoanza Marekani mwaka 2010, uvimbe wa titi husomwa kwanza: una vipokezi vya homoni? Una protini ya HER2 kwa wingi? Mgonjwa anayefuata hupewa nafasi kubwa zaidi ya kupata dawa ambayo hadi siku hiyo imewafaa wenye uvimbe kama wake. Dawa inayoshindwa hutolewa na nyingine huingia, jaribio likiendelea.

Kongo nayo iliendesha jaribio linalobadilika njiani, tena katikati ya vita na Ebola. Jaribio la PALM lilianza Novemba 2018 kule Beni, likafika Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa tatu, ya nne ikaongezwa baadaye. Mgonjwa alipangiwa dawa kwa kura, lakini kwanza damu yake ilipimwa wingi wa virusi: mashine huhesabu mizunguko hadi virusi vionekane, na ambaye virusi vyake vilionekana kwa mizunguko 22 au pungufu alihesabiwa mwenye virusi vingi. Tarehe 9 Agosti 2019, baada ya wasimamizi huru kuangalia takwimu, kura ilisimamishwa; dawa mbili zikaachwa, mbili zikabaki. Mojawapo, mAb114, ilitokana na kinga ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki.

Hata kwa dawa hiyo nzuri, wenye virusi vichache walikufa takriban 10 kwa mia, wenye virusi vingi 70. Na kila siku mgonjwa aliyokaa nyumbani na dalili iliongeza uwezekano wa kufa kwa 11 kwa mia. Kwetu uvimbe wa titi hukaa nyumbani miezi. Wakija watafiti wa saratani, nitawaomba mambo mawili kabla ya dawa: maabara ya kusoma kinofu cha uvimbe pale Kasongo, na barabara ya Kabambare inayopitika wakati wa mvua.