Magati Huhama, Adabu za Ziwa Hubaki



Mwaka huu tunawaletea historia ya gati la Itungi na uvuvi wa ufukweni kwetu, kwa kuwa michango tunayoomba inahusu huko.

Ndugu zetu wa Tanga na Kilwa hupanga uvuvi kwa maji kupwa na kujaa. Ziwa Nyasa halina chumvi, na saa yetu ni upepo. Kati ya Mei na Agosti mwera huvuma kutoka kusini na kusukuma mawimbi katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, hadi yakavunjikia kwetu, Itungi na Matema.

Wajerumani walizindua meli yao, Hermann von Wissmann, mwaka 1893. Agosti 1914 Waingereza waliishambulia ikiwa Liuli. Tangu 1915 hivi hadi 1935, Mto Shire, njia pekee ya maji kutoka ziwani, uliziba kwa mchanga na matete. Ziwa likapanda na kumeza fukwe. Baadaye ikaja enzi ya MV Songea na MV Iringa, zilizotuunganisha na Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Mito yetu nayo ikaendelea kumwaga mchanga, kina cha Itungi kikapungua, na shughuli nyingi zikahamia Kiwira.

Magati yalihama, lakini adabu tulizorithi hazikuhama. Meli ikikaribia, ndoana hutolewa majini bila kusubiri kuambiwa. Aliyewahi mahali ni pake. Anayefuata huuliza kwanza. Anayesaidia kuvuta wavu hapewi asante tupu, hupewa kitoweo. Usiku wa giza, wavuvi wa usipa wenye taa huachiana nafasi. Na mvua zinapoanza, mbasa wanapopanda mitoni kutaga mayai, mdomo wa mto hauzibwi kwa nyavu.

Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu na baruti, na vikundi vya BMU vipo kusimamia. Hata hivyo, vyandarua vinakokota vifaranga vya samaki, na wapo wanaoingia ziwani wakati wa mwera bila boya hata moja. Tusiwahukumu haraka. Adabu ni rahisi kwa aliyeshiba.

Tutazame hesabu. Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Usipa walioanikwa mchangani hulowa, huoza na kutupwa. Mvuvi aliyepata hasara hiyo hurudi ziwani kutafuta wengine, mara nyingi kwa wavu wenye matundu madogo zaidi na katika hali mbaya zaidi ya hewa. Kwa hiyo samaki huvuliwa mara mbili ili familia ile mara moja. Kichanja kilichoinuliwa juu ya mchanga, chenye turubai la kufunika mvua ikija, kinapunguza hasara hiyo na pia kinalipumzisha ziwa.

Ndiyo sababu michango ya mwaka huu itanunua vitu viwili: vichanja vya kuanikia usipa na maboya ya kujiokolea. Wazee walitupokeza ziwa lenye mbasa. Sisi tulio mijini tulisomeshwa kwa mpunga, kakao na samaki wa huko. Hilo ni deni, na kulilipa kunaanza na mchango wako, hata ukiwa mdogo.